Skrini Inaonyesha, Tyubu Haiendi

REHEMA: Haya tumerudi, mi Rehema, yule pale Salum, na kabla hatujawasha maiki nimemwambia leo ile buji yako, kijiti cha kuongozea tyubu ya kupumulia, usiitaje mpaka tumalize mambo matatu ya kumwekea mgonjwa mahututi tyubu kooni, niliyoandika hapa: kifaa, oksijeni, presha ya damu.

SALUM: Karibuni jamani. Nimekubali. Ila dada, wape kwanza ile ya juzi usiku.

REHEMA: Juzi, mgonjwa wa nimonia, maski ya presha, ile inayosukuma hewa kwa nguvu, imeshindwa, oksijeni inashuka, tukaamua tumwekee tyubu. Daktari kijana ndo yuko kichwani pa mgonjwa, mi nasimamia. Kashika laringoskopi ya video, kifaa cha kuangalia koo chenye kamera, ile ya bledi (ulimi wake wa chuma) iliyopinda sana. Anaingiza, skrini imejaa nyuzi za sauti, nesi anaziona, mi naziona, kila mtu chumbani anaziona, afu tyubu haiendi! Inafika pale pale inagonga, inarudi. Na mlio wa moniteri si unajua unavyozidi kuwa mzito oksijeni ikishuka, mwili unasisimka.

SALUM: Mkatoka?

REHEMA: Hatukutoka. Nikamwambia rudisha bledi nyuma kidogo, usitake kuona kila kitu, nusu inatosha. Staileti, ule waya ulio ndani ya tyubu, ivute nyuma kidogo, tyubu iteleze yenyewe. Ikaenda. Kapnografia, kipimo cha hewa anayotoa mgonjwa, ikatoa mawimbi, tukajua imeingia, tukapumua.

SALUM: Hapo ndo watu wengi wanakwama. Kamera imezunguka kona, sawa, lakini tyubu nayo lazima izunguke kona ile ile, na ukisogea karibu sana unaona vizuri ila kona inakuwa kali, ncha inagonga ukuta wa mbele wa trakea, lile bomba la hewa. Ndo maana bledi ile inataka staileti ngumu iliyopinda kama yenyewe. Sasa mngekuwa na bledi yenye mpindo wa kawaida, ule wa daktari Macintosh wa tangu 1943, lakini ina kamera, ningekwambia chukua bu...

REHEMA: Salum!

SALUM: Buji. Imeshatoka, niache niseme dakika moja tu.

REHEMA: Dakika moja.

SALUM: Buji ni kijiti laini kirefu, sentimita 60 hadi 70, ncha imepinda kidogo. Ukiona epiglotisi tu, kile kifuniko cha juu ya njia ya hewa, na nyuzi za sauti huzioni, unaipitisha kwa chini yake, na vidole vinakwambia umefika wapi. Ikiwa kwenye trakea unasikia inakwaruza zile pete, trrr, ukisukuma taratibu inagoma kwenye mirija midogo. Ikiwa kwenye umio, njia ya chakula, inaenda tu, haigomi. Afu tyubu unaivalisha juu ya buji, na laringoskopi USIITOE, hapo ndo watu wanaharibu. Ikigoma kuingia, irudishe nyuma kidogo, izungushe robo mzunguko kinyume na saa, isukume tena.

REHEMA: Nzuri sana, ila wape na namba zote. 2018, utafiti wa majaribio unaoitwa BEAM, hospitali moja Minneapolis, Marekani, tyubu kuingia mara ya kwanza kwa buji ni asilimia 98, kwa staileti 87. Ukaiimba mwaka mzima. 2021 likaja jaribio la BOUGIE, hospitali nyingi, wagonjwa 1,102, buji 80.4, staileti 83.0. Hakuna tofauti.

SALUM: Kwa sababu ile hospitali ya kwanza buji ndo kazi yao ya kila siku! Wamezoea. Kwingine wengi walioishika hawakuwa na mazoea nayo hivyo, unategemea nini? Mi nasoma majaribio yote mawili hivi: kifaa ni mkono unaokishika.

REHEMA: Basi hapo hapo ndo nilitaka kukuleta kwenye video. Jaribio la DEVICE, 2023, Marekani, wagonjwa 1,417 wa emajensi na ICU, laringoskopi ya video ilifaulu mara ya kwanza kwa asilimia 85.1, ya kawaida, isiyo na kamera, 70.8. Wakalisimamisha jaribio kabla ya muda kwa sababu tofauti ilishaonekana. Na waliofaidika zaidi ni wale wenye uzoefu mdogo. Kwa hiyo mgonjwa mahututi, ukijaribu mara ya kwanza, video, awe nani anaweka. Kwangu hiyo imekwisha.

SALUM: Haijaisha. Soma na mstari wa pili. Madhara makubwa, asilimia 21.4 kwa video, 20.9 kwa ya kawaida. Sawa sawa tu! Oksijeni kuporomoka, presha kuanguka, moyo kusimama, havikupungua. Na jaribio la MACMAN kule Ufaransa, 2017, video haikushinda kabisa.

REHEMA: MACMAN ni wagonjwa 371, na tyubu kuingia mara ya kwanza kwa mgonjwa ambaye hana akiba ya oksijeni mi siwezi kukuita kitu kidogo.

SALUM: Sijasema kidogo. Nasema kijana aanze na ya kawaida mpaka mkono ukae, ndo apewe kamera. Siku damu na matapishi yamejaa mdomoni, kamera imezibwa, saksheni ya kunyonya uchafu haiwahi, atafanya nini huyu ambaye hajawahi kuangalia kwa jicho lake?

REHEMA: Afundishwe theatre, kwa mgonjwa wa opareshini ya kupangwa aliyejaa oksijeni. Kitanda cha ICU si cha kujifunzia. Na video mi msimamizi naona anachokiona, naweza kumwambia inua, rudi, kulia. Kwa ya kawaida nasimama nyuma yake namuuliza "unaona nini", ananiambia "naona", naona nini sijui.

SALUM: Chukua bledi ya kawaida yenye kamera, yeye aangalie mdomoni, we angalia skrini.

REHEMA: Ataangalia skrini, unajua ataangalia skrini. Na akiangalia skrini akafaulu, mi simkatazi.

SALUM: Mi namkataza.

REHEMA: Sawa, we mkataze.

SALUM: Mgonjwa wa theatre hafanani na yule wa saa nane usiku, dada.

REHEMA: Ndo maana simpi wa saa nane usiku ajifunzie! ... Jamani zimebaki dakika mbili. Oksijeni, haraka.

SALUM: Jaribio la PREOXI, 2024. Kabla ya kuweka tyubu, wape oksijeni kwa maski ya presha badala ya maski ya kawaida, oksijeni iliporomoka kwa asilimia 9.1 ya wagonjwa, kwa maski ya kawaida 18.5. Nusu! Hiyo ilistahili kipindi kizima.

REHEMA: Na presha sijaigusa. Utafiti wa INTUBE, nchi 29, moyo na presha viliyumba kwa asilimia 42.6 ya wagonjwa, hilo ndo tatizo kubwa kuliko bledi zote. Mlioniuliza kuhusu ketamini, dawa ya kulaza mgonjwa, nimeona meseji zenu, ni wiki ijayo.

SALUM: Na la bledi mi sijamaliza.

REHEMA: Hujamaliza, na mi sijakubali. Kwaherini.