Tansio kwanza, gastriti baadaye

Mhadhara kwa wauguzi wa vituo vya afya, wakunga na wareko (wahudumu wa afya wa kujitolea mitaani), Bukavu

Mama zangu, ndugu zangu, wengi wenu mmekwisha kunisikia juu ya jambo hili. Leo nalirudia, kwa sababu bado mama mzazi wa siku ya 4 anakuja kituoni amejishika hapa, kwenye chembe cha moyo au chini kidogo ya titi la kulia, na anarudishwa nyumbani na omeprazoli, dawa ya asidi ya tumbo, bila mtu yeyote kumpima tansio, yaani shinikizo la damu. Hilo siwezi kulizoea.

Mtoto kutoka si mwisho wa hatari. Tansio mara nyingi hupanda zaidi kati ya siku ya 3 na ya 6 baada ya kuzaa, na siku hizo mama amekwisha kutoka maternite. Preeklampsia, ugonjwa wa tansio ya juu wa mimba na uzazi, inaweza kumkuta hadi wiki ya 6, hata kama mimba yote ilikwenda salama. Kwa hiyo usinionyeshe fishi ya CPN, kliniki ya wajawazito, yenye 110 kwa 70 kila mwezi. Hiyo ni tansio ya zamani. Nauliza ya leo.

Wengine wananiuliza, tansio na tumbo vinahusiana wapi? Ini limevikwa ngozi nyembamba. Preeklampsia ikiharibu mishipa midogo ya damu, ini linavimba, pengine damu inavuja chini ya ngozi ile, nayo inavutika. Ngozi hiyo ndiyo inayouma. Mama anasema panabana, panachoma, anatapika, na kila aliye karibu anasema gastriti. Ukingoja umwone anaumwa kichwa au macho yanamwonyesha vimulimuli, huenda umechelewa: kuna wanaoanza na maumivu haya peke yake, na kinachofuata ni degedege.

Sasa tupime vizuri, maana hapa ndipo tunapoharibu. Bukavu kuna baridi, mama anakuja na sweta, na sisi tunakunja mkono wa sweta hadi juu. Lile kunjo linabana mkono na kipimo kinadanganya. Avue. Aketi, mgongo uegemee, miguu yote miwili iguse chini, atulie dakika 5. Mtoto apokewe na bibi yake, asinyonye wakati huo. Mkono ulale juu ya meza, mkanda uwe usawa wa moyo. Mama mwenye mkono mnene akifungwa mkanda mdogo, tansio inasomeka juu kuliko ilivyo. Shusha upepo polepole. Ukipata 140 kwa 90 au zaidi, pima tena baada ya dakika 15. Ukipata 160 kwa 110, hatua zianze hapohapo.

Mkojo pia. Damu ya uzazi ikiingia kwenye kikopo, bandeleti, kile kikaratasi cha kupimia mkojo, itaonyesha protini hata kama figo ni nzima. Mama ajisafishe kwanza, mkojo wa mwanzo aumwage, akinge wa katikati. Na bandeleti ikiwa safi, usitulie: tansio ya juu pamoja na maumivu ya chembe cha moyo vinatosha kumpeleka hospitali.

Mtasema kituo ni kidogo, dokta yuko mbali. Ndiyo maana dozi ya kwanza inatolewa palepale: sulfati ya magnesi, dawa ya kuzuia degedege, gramu 4 kwenye mshipa, polepole, na gramu 10 kwenye misuli, yaani 5 kila tako. Gluconati ya kalsiamu gramu 1 iwe tayari pembeni, kwa sababu magnesi ikizidi inazima pumzi. Kwa tansio ya 160 kwa 110, nifedipini miligramu 10, mama aimeze. Acheni kutoboa kidonge na kukikamulia chini ya ulimi! Tansio inaporomoka ghafla, na ubongo unakosa damu. Wala msimwachishe mtoto ziwa kwa sababu ya dawa hizi.

Tansio ikiwa nzuri, hapo fikiria nyongo. Mimba huongeza kolesteroli ndani ya nyongo na kukilegeza kibofu chake, ndipo vijiwe vinatengenezwa. Mama anakula sambaza za kukaanga na mawese, usiku maumivu yanashika chini ya mbavu za kulia, yanapanda hadi bega, yanakaa nusu saa au masaa kadhaa, kisha yanaachia. Akienda ekografi, kile kipimo cha picha ya tumbo, asile kwa masaa 6, maji anaweza kunywa. Akiwa amekula, kibofu kimejikunja na vijiwe havionekani vizuri. Homa au macho ya njano, hospitali siku hiyohiyo.

Muda unanibana, na mapafu sijayagusa. Maumivu ya ghafla yanayochoma akivuta pumzi, hasa aliyepasuliwa na kulazwa kitandani siku nyingi, au mguu mmoja umevimba: hiyo ni damu iliyoganda, msimkande. Asiyeweza kulala chali, anakohoa usiku, miguu yote inavimba, hadi mwezi wa 5 baada ya kuzaa, ni moyo. Na kitenge kinachokazwa tumboni ili tumbo lirudi kinasukuma tumbo juu na kuleta kiungulia, kilegezeni. Mbavu inayouma ukiigusa kwa kidole, kwa mama anayenyonyesha ameinama, ni misuli. Mpe mto chini ya mkono. Lakini yote hayo baada ya tansio.

Wareko, CPoN, yaani kumwangalia mama baada ya kuzaa, ni ndani ya masaa 24, siku ya 2 au 3, wiki ya 1 hadi ya 2, na wiki ya 6. Mkipita nyumbani msiulize tu kama mtoto ananyonya. Mwulize mama kama chini ya mbavu panauma. Na wewe muuguzi, kwenye karatasi ya transferi andika tansio zote mbili na saa zake, andika magnesi uliyotoa, gramu ngapi na saa ngapi. Ukiacha, hospitali itampa dozi ya kwanza mara ya pili.