Miezi 36 ya Askari: Tuchague Chuo kwa Macho Makavu

Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi vijana mliovua magwanda juzi juzi, karibuni sana.

Swali ninaloulizwa kila mara na maveterani wa Marekani kuhusu GI Bill, yaani sheria ya nchi hiyo ya kuwalipia masomo waliotumikia jeshi, ni hili: "GI Bill italipa dola ngapi?" Leo naomba tuulize jingine: umebakiwa na miezi mingapi? Sheria iliyoanza kutumika Agosti 2009, ile ya Post-9/11 GI Bill, inampa askari hadi miezi 36 ya masomo. Mwaka wa chuo una miezi kama 9, kwa hiyo hiyo ni miaka 4, shahada moja basi. Dola zikipungua unaweza kufanya kazi ukazitafuta. Mwezi ulioteketea hauna duka.

Dola nazipitia upesi. Aliyetumikia jeshi muda wote kwa jumla ya miaka 3 baada ya 10 Septemba 2001 hupata asilimia 100 ya malipo. Katika chuo cha umma hulipiwa ada yote ya mkazi wa jimbo. Chuo binafsi kina kikomo kinachopangwa kila mwaka, na baadhi ya vyuo huchangia kinachozidi kupitia mpango wa Yellow Ribbon. Vitabu, hadi dola 1,000 kwa mwaka. Posho ya nyumba hufuata mahali unaposomea. Hapo wengi huteleza: ukisoma kila kitu kwa intaneti, posho hushuka hadi nusu ya wastani wa taifa, ilhali hata somo moja la kukaa darasani lingekupa kiwango cha eneo la chuo. Kwa mzazi mwenye watoto, hiyo ni tofauti ya kulipa kodi ya nyumba na kutolipa.

Sasa tuje kwenye kuchagua chuo, maana hapo ndipo roho yangu inapouma.

Rais Roosevelt alitia saini GI Bill ya kwanza tarehe 22 Juni 1944. Wasomi wengine walinuna. Robert Hutchins, mkuu wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliona vyuo vitaharibika. Askari zaidi ya milioni 2 wakaingia vyuoni, na wakasoma kwa bidii iliyowafunga midomo wenye shaka. Ila tusisahau kwamba askari weusi wa majimbo ya kusini walikuta vyuo vya wazungu vimefungwa kwao, na vyuo vya watu weusi vikafurika hadi kukataa waombaji. Haki iliyoandikwa kwenye karatasi haikuwafungulia mlango.

Na pesa ile ilivuta wachuuzi. Shule za kutafuta faida zilichipuka kila pembe kukusanya ada za serikali, hata mwaka 1952 Bunge likaweka kanuni: katika kozi moja, wanaolipiwa na fedha za maveterani wasizidi asilimia 85 ya wanafunzi. Naipenda sana hoja iliyo ndani yake. Kozi ambayo hakuna raia anayekubali kuitolea pesa yake mwenyewe, askari anaiendea nini?

Baadaye ikaja kanuni nyingine, kwamba vyuo vya kutafuta faida visipate zaidi ya asilimia 90 ya mapato yao kutoka misaada ya serikali kuu kwa wanafunzi. Lakini fedha za GI Bill hazikuhesabiwa kuwa za serikali! Kila askari aliyesajiliwa akawa kama pesa ya mtu binafsi ya kujazia ile asilimia 10 iliyobaki, na akasakwa kwa simu usiku na mchana. Mwanya huo umezibwa kwa sheria ya mwaka 2021.

Septemba 2016 ITT Technical Institute, chuo cha kutafuta faida, ilifunga milango nchi nzima, na maelfu ya maveterani wakabaki njiani. Mwaka uliofuata Bunge likaruhusu miezi irejeshwe kwa aliyefungiwa chuo. Vizuri. Lakini sikilizeni kwa makini: chuo kikiendelea kuwa wazi, nawe ukagundua kwamba masomo yake hayapokelewi kwingine, hakuna anayekurudishia kitu. Nimekaa na kijana aliyekula miezi 20 namna hiyo. Alipotaka kuhamia chuo cha umma, hakupokelewa hata somo moja. Alikuwa na alama nzuri zote. Sijasahau uso wake.

Kwa hiyo usimuulize anayekuuzia chuo. Pigia simu chuo cha umma kilicho karibu, ofisi ya usajili, uwaulize: masomo ya chuo fulani mnayapokea? Ukitaka uuguzi, uliza bodi ya leseni ya jimbo lako. Uliza pia kama chuo kitahesabu uliyofundishwa jeshini, kwa kuwa vyuo vingi huhesabu mafunzo ya kijeshi kama masomo, na hivyo unaokoa miezi. Kama unapenda ufundi, uanagenzi nao unaingia humo humo kwenye GI Bill, na posho unaipata huku ukilipwa mshahara.

Mchuuzi wa chuo akikuambia nafasi zinaisha Ijumaa, kata simu. Aliyetoka jeshini tangu 1 Januari 2013 hana tena tarehe ya mwisho ya kutumia miezi yake. Kile kikomo cha miaka 15 kiliondolewa kwake.

Waliokuja na karatasi zao za kutoka jeshini, DD-214, sogeeni hapa mbele. Tutaanza na wazee, tuhesabu miezi ya kila mmoja.