Pikipiki au toyo: anza na njia ya shambani kwako

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wengine habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie chombo cha kazi za shamba: ununue pikipiki ya kawaida, au toyo ya magurudumu matatu, ile wengine mnaiita guta. Pesa yenyewe ni ya mavuno ya misimu kadhaa, kwa hiyo twende polepole.

Kabla hujauliza bei, chukua kamba. Pima bodi ya toyo kutoka ukingo hadi ukingo, piga fundo, kisha tembea na kamba hiyo kutoka barabara kuu mpaka shambani kwako. Penye daraja la magogo, nyoosha kamba. Penye mfereji, nyoosha kamba. Toyo inadai njia ya zaidi ya mita moja, na nafasi ya kugeuzia. Pikipiki inapita anapopita mtu na jembe begani.

Chukueni Mvomero hapa hapa. Mkulima wa Dakawa, kwenye skimu ya mpunga, ana tambarare na barabara kandokando ya mifereji. Mwenzake wa Mgeta, juu Uluguru, analima kabichi kwenye miteremko, na njia nyingi za kule ni za mguu. Huyu akinunua toyo ataiacha barabarani, mzigo ataubeba kichwani kama zamani. Pesa zao zinaweza kuwa sawa, ekari sawa, na bado jibu lao likawa tofauti.

Halafu kuna masika. Hapa ndipo wengi tunapoumia. Barabara ya shamba ina mitaro miwili iliyochimbwa na matairi ya magari, na tuta katikati. Pikipiki inachagua mtaro mmoja inakwenda. Toyo haina pa kuchagua: magurudumu ya nyuma yanaingia mitaroni, la mbele linapanda tuta, juu ya majani yanayoteleza, na hilo la mbele ndilo linaloongoza. Tairi moja la nyuma likikosa mshiko, difu, ile gia inayogawa nguvu kwa matairi mawili ya nyuma, inalizungusha hilo hilo, la pili limetulia tu. Hapo mnashuka kusukuma.

Sasa hesabu. Una magunia 20 ya mahindi ya kilo 100, shamba liko kilomita 4. Pikipiki ikibeba gunia moja moja, ni safari 20, kilomita 160 kwenda na kurudi. Toyo ikibeba matano, ni safari 4, kilomita 32. Toyo imeshinda, hata ikinywa mafuta mara mbili. Lakini nikuulize, mama yangu pale mbele: kwa mwaka unabeba magunia 20 siku ngapi? Siku nyingine zote unapeleka bomba la dawa, dumu la maji na chakula cha vibarua. Kwa mkulima wa namna hiyo mimi nasema bila kusita: nunua pikipiki, fundi akuchomelee keria imara, siku ya mavuno kodi toyo ya jirani.

Mwenye ng'ombe wa maziwa wa kufungia bandani ni habari nyingine. Madumu 10 ya lita 20 ni kilo 200 za maji, bado majani, na kesho yake ni hivyo hivyo. Huyo anunue toyo, njia yake ikiruhusu.

Na akiinunua, aiogope kidogo. Mwaka wa kwanza wa toyo yetu nyumbani mdogo wangu ndiye alikuwa dereva. Tulipakia magunia saba, matano chini, mawili juu, yote ya lumbesa. Kwenye kamteremko, wala si kakali, akakata kona kulia. Nilikuwa nyuma natembea. Nikaona tairi la kulia la nyuma linaachana na ardhi taratibu, kama mtu anayeinuka kitini. Hakukuwa na mwendo wowote wa kutisha. Toyo ikalala ubavu, bomba la bodi likambana mguu chini ya goti. Mfupa ulivunjika, na palizi ya msimu ule hakuigusa.

Chora pembetatu ardhini uone: gurudumu moja mbele, mawili nyuma. Uzito ukivuka mstari wa ubavuni, chombo kimekwenda. Mzigo ukirefuka kwenda juu, unauvuka mapema. Honda walitoa chombo cha matairi matatu cha kupita porini na mashambani mwaka 1970, kikapendwa sana Marekani, kikaumiza watu wengi, na mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali ya huko kuacha kuviuza. Wakabaki na vya manne. Navyo vinapinduka: Australia, tangu Oktoba 2021, kipya hakiuzwi kwa kazi za shamba bila chuma cha kumkinga dereva kisimlalie.

Kwa hiyo magunia yalale chini, safu moja. Uzito ukae juu ya ekseli ya nyuma. Ukitokeza nyuma yake, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani hausikii. Mtoto asikae juu ya mzigo, hata kwa safari ya kufika pale tu.

Toyo moja imeegeshwa nje, kwenye kivuli cha mwembe. Kamba ninazo hapa mezani. Mwenye njia ya kupima nyumbani aje achukue, twende tukapige fundo.