Shule zimefunguliwa ila mwili wa mtoto bado uko likizo

Haya wazazi wenzangu, habari za jioni, asanteni sana kwa kuja. Nianze moja kwa moja. Shule zikikaribia kufunguliwa wote tunahangaika na sare, madaftari, viatu, ada, na ni lazima sawa, ila mtoto mwenyewe hatumuandai, tunategemea Jumatatu ataamka tu awe mwanafunzi tena.

Tuchukue usingizi maana hapo ndo ugomvi mwingi unaanzia. Likizo nzima analala saa tano usiku, anaamka saa tatu asubuhi, hakuna aliyesema kitu, halafu Jumapili jioni unamwambia saa mbili uwe kitandani. Hawezi jamani! Wala hajakaidi. Ubongo una saa yake na inafuata mwanga, giza likiingia unatoa homoni inaitwa melatonini ndo usingizi unakuja, sasa ukimuachia simu usoni mpaka usiku ile homoni inachelewa. Kwa hiyo msianze na kulala, anzeni na kuamka. Wiki moja hivi kabla, muamshe dakika 15 mapema, baada ya siku moja mbili zingine 15, fungua mapazia, atoke nje apate mwanga, usiku usingizi utamfuata wenyewe. Na kama mmechelewa, shule imeshafunguliwa, anzeni kesho hivyo hivyo, na wikiendi msimuache alale mpaka mchana maana mtarudi mlikotoka.

Saa ngapi zinatosha? Mwaka 2016 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo, wa miaka 6 mpaka 12 alale jumla ya masaa 9 mpaka 12 kwa siku, wa miaka 13 mpaka 18 masaa 8 mpaka 10. Yaani kama wa darasa la pili anaamka saa 12 asubuhi, saa tatu usiku awe ameshalala, na hicho ni kiwango cha chini kabisa. Wenye vijana naomba mnisikilize, wakibalehe saa yao ya mwili inasogea mbele, usingizi unawajia kwa kuchelewa, tuache kuwaita wavivu.

Sasa lile tumbo la asubuhi. Mtoto anashika tumbo, anasikia kichefuchefu, ikifika saa nne mzima anacheza, Jumamosi haliumi kabisa. Mama anasema unanidanganya wewe. Hapana, linauma kweli, hofu inakaa tumboni kwa mtoto kama inavyokaa kwa mtu mzima. Akiwa na homa, anatapika, anapungua uzito, au maumivu yanamuamsha usiku, nenda hospitali usisubiri. Ila kama ni hofu, ukimuacha nyumbani leo anapata nafuu hapo hapo, na kesho shule inakuwa nzito zaidi, keshokutwa zaidi. Muambie najua linauma, najua unaogopa, na tunaenda, hata kama mmekubaliana na mwalimu aanze kwa nusu siku.

Halafu mtafute anaogopa nini, msikae kubembeleza tu. Inawezekana rafiki yake amehama, anaogopa kusoma kwa sauti mbele ya wenzake, choo hakifungi. Au anapigwa, anaonewa, na hapo shida ni ya watu wazima, wewe ndo unatakiwa uende shule ukakae na mwalimu mkuu mpaka ieleweke.

Wenye wadogo wa chekechea, kwaheri iwe fupi na muage kweli, usitoroke akiangalia pembeni, maana kesho hatakuachia hata sketi.

Jioni akirudi usimpokee na maswali kumi mlangoni, ale kwanza, apumzike. Kuna mtoto anajikaza siku nzima, akifika kwenu analipuka kwa kitu kidogo tu, penseli imevunjika analia nusu saa, anayatoa kwako kwa sababu kwako ni salama. Baadaye muulize ulikaa na nani, mapumziko mlicheza nini. Ukiuliza shule ilikuwaje utajibiwa poa, basi.

Masomo yatarudi, hesabu ndo zinasahaulika haraka, dakika chache kila siku za alichosoma muhula uliopita zinatosha, tuisheni ya wiki ya kwanza mimi siiungi mkono hata kidogo.

Na zikipita wiki mbili tatu bado analia kila asubuhi au halali, nenda shuleni mwenyewe ukaongee na mwalimu wake, usiishie kwenye meseji. Haya, maswali.