Pakiti ya chumvi na maka peni: kushusha presha kuanzia jikoni

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari zenu. Karibuni tena jikoni kwetu. Leo sufuria bado halijapanda jikoni. Nimeshika vitu viwili tu: pakiti ya chumvi ya nusu kilo na maka peni. Nyuma ya kamera yupo Mama, mwenye presha yake ya miaka tisa, na ameniambia nisimtaje. Nimeshamtaja.

Hatua ya kwanza ni hii. Fungua pakiti mpya ya chumvi, andika juu yake tarehe ya leo. Usibadilishe chochote. Pika kama ulivyozoea, kwa kiganja chako kilekile. Siku pakiti itakapoisha, andika tarehe ya pili chini ya ile ya kwanza, halafu tupige hesabu.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hapo ni chumvi yote, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na chipsi. Nyumba yenye watu wazima watano ina gramu 25 kwa siku. Gawanya gramu 500 kwa 25, unapata siku 20. Kwa hiyo pakiti ikiisha kabla ya siku 20, mmepitiliza, na bado hatujagusa mkate wa asubuhi wala samaki wa chumvi. Mkiwa wanne, siku 25. Watoto wanatakiwa kula pungufu ya mkubwa, kwa hiyo usiwahesabu kama watu wazima.

Kwetu tuko watano. Pakiti iliisha siku ya 11. Mama akasema labda panya.

Kwa nini nahangaika na pakiti? Kwa sababu watu wengi wakiambiwa wapunguze chumvi wanaondoa kile kikopo cha mezani, basi, wanahesabu wamemaliza. Lakini huku kwetu chumvi nyingi haipo mezani. Iko kwenye sufuria, imeshaingia kwenye maharage saa tano asubuhi. Na chumvi inavuta maji. Figo zikishindwa kuitoa yote, maji yanabaki kwenye damu, damu inajaa kwenye mishipa ileile, na msukumo unapanda. Haiumi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Usisubiri kichwa kigonge ndipo ujue una presha. Wapo wanaotembea na 170 wakiwa wanacheka.

Hatua ya pili, kupima. Tumia mashine ya kufunga juu ya mkono, juu ya kiwiko. Zile za kifundo cha mkono ni rahisi kukudanganya. Nusu saa kabla ya kupima, usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, dakika 5, umetulia. Miguu yote miwili chini, usiikunje nne. Mkono uulaze juu ya meza, usawa wa moyo, na kitambaa cha mashine kikae kwenye ngozi, siyo juu ya shati. Na usiongee! Mama hapa ndipo anapofeli. Mashine ikianza kubana anakumbuka habari za jirani. Kuongea peke yake kunapandisha namba.

Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati. Asubuhi kabla ya dawa, na jioni. Fanya hivyo siku 7, namba zote ziandike kwenye daftari, za siku ya kwanza uziache, zilizobaki utafute wastani. Ukipima nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi upeleke kwa daktari. Hospitalini mpaka unaotumika sana ni 140 kwa 90. Ikifika 180 kwa 120, tulia dakika chache urudie. Ikibaki palepale bila dalili nyingine, mtafute daktari siku hiyohiyo. Lakini ikija pamoja na maumivu ya kifua, pumzi kukata, macho kuona ukungu, upande mmoja wa mwili kulegea au maneno kupotea, zima video hii uende hospitali sasa hivi. Na mama mjamzito, presha yako ina taratibu zake. Kliniki, siyo kwangu.

Jambo la dawa nalisema mara moja. Kama umeandikiwa, endelea kuzimeza wakati unabadilisha chakula. Mama aliwahi kuziacha kwa sababu alijisikia vizuri. Alijisikia vizuri hivyohivyo mpaka siku alipopimwa akakutwa na 178 kwa 104. Namba zikishuka, daktari ndiye anayepunguza. Mwambie pia kama unameza diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya magoti. Dawa hizo za maumivu zinaweza kupandisha presha, na watu wanazinunua dukani kama pipi.

Haya, hatua ya tatu, sufuria. Sogea uone. Haya ni maharage ya watu watano. Nimemwomba Mama atie chumvi kwa kiganja kama kawaida yake, ila atie kwenye sahani. Tuichote kwa kijiko cha chai: kimoja... viwili... vitatu. Hizo ni zaidi ya gramu 15. Kila mtu anakula gramu 3 kwenye mlo mmoja, na usiku kuna wali.

Usikate yote kwa siku moja, nyumba nzima itagoma na watoto wataenda kula kwa shangazi. Wiki hii tia vijiko viwili na nusu. Wiki ijayo viwili. Inayofuata kimoja na nusu, mpaka ufike kimoja au chini yake. Ulimi unazoea, mpe wiki chache tu. Na chumvi itie mwishoni, chakula kikishaiva. Ukiitia mwanzo inapotelea ndani, unaonja, unaongeza, unaonja tena, unaongeza tena.

Pengo la chumvi linazibwa na uchachu na ukali. Ndimu ndiyo fundi wa kwanza, kamulia ukiwa umeshaepua. Ukwaju kwenye samaki, embe bichi kwenye mchuzi wa dagaa, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, pilipili manga, giligilani. Kitunguu maji kikaange polepole mpaka kiwe rangi ya kahawia, kinatoa utamu ambao pakiti ya viungo haiwezi kuutoa.

Na hapo nimefika kwa hao viungo wa paketi na vile vidonge vya supu. Geuza paketi, soma orodha. Vitu huandikwa kuanzia kilicho kingi, na mara nyingi cha kwanza ni chumvi. Wakiandika sodiamu, yaani ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Sodiamu miligramu 800 ni chumvi gramu 2. Ukitumia kidonge, basi chumvi ya kijiko iache. Mimi nilivitoa jikoni kabisa, lakini najua si kila mtu atakubali.

Sasa kuna huyu mwingine, ambaye hakuna anayemhesabu: magadi. Tunatia kwenye maharage yawahi kuiva, kwenye makande, kwenye mlenda uvutike. Magadi ni sodiamu vilevile, ila ulimi hausikii chumvi, ndiyo maana anapita bila kusalimiwa. Unaweza kupunguza chumvi mwezi mzima huku magadi yanakurudisha ulikotoka. Dawa yake ni kuloweka. Maharage yalowekwe usiku kucha, asubuhi mwaga maji, tia mapya, pika. Yanaiva mapema na mkaa unapungua.

Dagaa mchele wa pwani huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waoshe kwa maji ya moto mara mbili na mchuzi wao usitie chumvi nyingine. Ng'onda na papa, waloweke usiku na ubadilishe maji, na hata hivyo wawe wa siku moja moja. Natokea pwani, najua ninachokiomba hapa.

Swali linaloulizwa kila video: chumvi ya mawe, ya pinki, ya baharini, je? Ni sodiamu ileile yenye rangi tofauti. Kaa na chumvi yenye madini joto, ila kidogo. Ipo pia chumvi ambayo sehemu ya sodiamu imetolewa ikawekwa potasiamu, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliishauri kwa watu wazima wengi. Mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito na mtoto wasiiguse bila daktari, na anayemeza dawa za presha aulize kwanza, maana baadhi ya dawa hizo nazo hupandisha potasiamu mwilini.

Hatua ya nne, sahani. Hii ni fupi. Nusu ya sahani mboga za majani na matunda, robo ugali au wali, robo maharage, choroko au samaki. Mboga na matunda yana potasiamu, na potasiamu inasaidia figo kuisukuma sodiamu nje kwenye mkojo. Mchicha, matembele, maharage, parachichi, ndizi, viazi vitamu: vyote viko sokoni kwako, havihitaji duka la vioo. Mwaka 1997 Marekani walichapisha utafiti unaoitwa DASH. Waliwalisha watu mboga, matunda, karanga, maharage na maziwa yasiyo na mafuta mengi, chumvi wakaiacha vilevile, na wenye presha namba yao ya juu ilishuka kwa wastani wa pointi 11. Kwa hiyo sahani peke yake inafanya kazi, hata kabla ya kugusa pakiti. Ila kama figo zako zina shida, kiasi cha vyakula hivi kipangwe na daktari wako. Ugali wa dona ukikupendeza, vizuri. Pombe punguza, sigara acha, soda ziwe za harusini.

Hatua ya tano, tutoke nje. Dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kutembea kunatosha, lakini siyo kule kwa kuangalia vitenge madukani. Tembea mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Huna nusu saa? Shuka daladala kituo kimoja kabla ya chako, asubuhi dakika 15 na jioni 15. Kwa joto la Dar, tembea alfajiri au baada ya alasiri, saa saba mchana usijitese. Kama namba zako zimevuka 180 kwa 110, usianze mazoezi mpaka daktari akuruhusu. Mwenye mwili mkubwa, kila kilo moja inayopungua inashusha presha kama pointi moja hivi.

Zoezi la pili halihitaji hata viatu. Angalia: naegemea ukuta kwa mgongo, nateremka kama ninayetaka kukaa kwenye kiti, nabaki hapohapo. Lengo ni dakika 2, pumzika dakika 2, rudia mpaka mara nne, siku tatu kwa wiki. Ukianza, sekunde 20 zitakutosha, mapaja yatawaka. Usibane pumzi hata kidogo. Kubana pumzi kunarusha presha juu palepale. Mwenye magoti mabovu asishuke sana, au afanye kama Mama: anakaa kwenye kiti na kusimama bila kushika kitu, mara kumi, wakati chai inachemka. Anasema hayo siyo mazoezi, anasubiri chai.

Sasa turudi kwenye pakiti. Hii ya kwanza, siku 11. Ya pili, tulipoanza vijiko, siku 16. Ya tatu hii hapa, siku 23, na hakuna aliyehama nyumba. Daftari la Mama wiki jana lilisoma wastani wa 134 kwa 82, dawa zake akiwa anameza zote. Tarehe zenu ziandikeni hapo chini kwenye maoni, pamoja na idadi ya watu mnaokula sufuria moja, nitawapigia hesabu mmoja mmoja.

Ya nne tunaifungua leo. Mama, maka peni hii hapa. Andika wewe.