Njaa ya Jioni na Safari ya Asubuhi: Mhadhara kuhusu Chakula cha Mwendesha Baisikeli

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu, kina mama, na vijana mlioegesha baisikeli zenu nje ya ukumbi huu, assalaam alaykum, na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kila mmoja wenu analijua mwilini mwake hata kama hajawahi kulitafutia maelezo. Mtu anatoka Kisiwani Mombasa alfajiri, anavuka daraja la Nyali, anafika Mtwapa, pengine anajikaza hadi Kilifi, kisha anarudi nyumbani salama, anaoga na kulala. Lakini kuanzia saa kumi za jioni anakula kila kilichomo jikoni na hashibi, na kesho yake anaamka miguu mizito na hasira zi karibu. Wengi huamini kwamba hivyo ndivyo mazoezi yalivyo. Rai yangu ni kwamba sehemu kubwa ya uchovu huo haikuletwa na kilomita, bali na chakula ambacho hakikuliwa kabla ya safari wala njiani, na kwamba njaa ya jioni ni deni la asubuhi.

Tuanze na akiba. Mwili huhifadhi wanga kwa umbo la glikojeni, na mtu mzima aliyekula vizuri huwa na takriban gramu 400 katika misuli na gramu 100 hivi katika ini. Kwa kuwa kila gramu ya wanga hutoa kilokalori 4, akiba yote ni kama kilokalori 2,000. Mtu wa kilo 70 anayekwenda kwa mwendo wa kilomita 20 hadi 25 kwa saa hutumia kilokalori 500 hadi 700 kila saa, na ingawa sehemu ya nishati hiyo hutoka kwenye mafuta ya mwili, ambayo hata aliye mwembamba miongoni mwetu anayo ya siku nyingi, kadiri anavyoongeza kasi ndivyo misuli inavyozidi kutegemea wanga. Ini nalo ndilo linalolinda kiwango cha sukari katika damu, ambayo ubongo huihitaji kila dakika, na sehemu kubwa ya akiba ya ini hutumika usiku tukiwa tumelala. Kwa hiyo anayeamka saa kumi na moja alfajiri, akanywa chai ya rangi bila kitafunio na kupanda baisikeli, ameondoka na akiba pungufu kabla hajakanyaga pedeli hata mara moja.

Mwaka 1966 watafiti wawili wa Uswidi, Jonas Bergström na Eric Hultman, walijifanyia wenyewe jaribio ambalo linatuhusu sana. Walikaa pande mbili za baisikeli moja ya mazoezi, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu huku wa pili umepumzika, mpaka mguu uliofanya kazi ukaishiwa nguvu. Baada ya hapo walikula vyakula vya wanga kwa siku tatu, na kwa sindano maalumu wakachukua vipande vidogo vya misuli ya mapaja yote mawili ili kuvipima. Glikojeni ya mguu uliochoshwa ilirudi, ikaupita mguu uliopumzika, ikafika karibu mara mbili yake. Mtu ni yule yule, damu ni ile ile, chakula ni kile kile, lakini msuli uliotumika ndio uliojichukulia fungu kubwa. Maana yake ni kwamba msuli uliochoka huwa tayari kupokea wanga, na anayeunyima siku ile asishangae kuukuta mzito siku inayofuata.

Akiba ikiisha njiani, haiishi kwa upole. Mikono hutetemeka, jasho la baridi hutoka, macho hupoteza umakini, na kilima kidogo ambacho jana hukukiona leo kinakushusha kwenye baisikeli. Bingwa pia hupatwa. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alikuwa amevaa fulana ya njano ya kiongozi wa Tour de France, mashindano makubwa ya baisikeli ya Ufaransa, tarehe 18 Julai 2013, akipanda mlima wa Alpe d'Huez, alipoishiwa sukari zikiwa zimebaki kilomita chache. Mwenzake Richie Porte alirudi kwenye gari la timu kumchukulia chakula mahali ambapo kanuni zilikwisha kukataza, na wakaadhibiwa kwa kuongezewa sekunde 20. Froome alishinda mashindano yale hata hivyo, lakini alikuwa na gari nyuma yake. Sisi nyuma yetu tuna matatu inayopiga honi.

Basi tule nini? Kwa safari isiyofika saa moja, maji yanamtosha mtu aliyekula vizuri jana yake. Safari ikipita saa moja na nusu, mapendekezo ya wataalamu ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa. Wanaokwenda kwa kasi kwa muda wa zaidi ya saa mbili na nusu wanaweza kufika gramu 90, kwa sharti la kuchanganya aina mbili za sukari, glukosi na fruktosi, kwa sababu utumbo una kikomo cha glukosi unayoweza kupitisha kwa saa, ilhali fruktosi hupita kwa njia yake nyingine. Hapa ndipo ninapowasikitikia wanaonunua vipakiti vya sukari ya safari vya kutoka nje kwa bei kubwa. Ndizi mbivu ya wastani ina gramu 27 hivi za wanga. Tende moja kubwa yenye nyama ina kama gramu 18, na sukari yake ni glukosi na fruktosi, karibu nusu kwa nusu. Ndizi moja na tende moja kwa saa zinatosha mtu wa kawaida, na zote zinaingia mfukoni. Viazi karai na bhajia ni vitamu, sibishani, lakini mafuta hukawia tumboni; viacheni mpaka mrudi. Muhogo wa kuchemsha unafaa saa mbili kabla ya kuondoka, bila ile pilipili.

Muda una uzito kuliko aina ya chakula. Anzeni kula nusu saa baada ya kuondoka, kabla mwili haujadai, kwa maana sukari iliyoliwa baada ya mikono kuanza kutetemeka hukuta umekwisha kuchelewa. Tena wakati wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini, anayetoka Kilifi hurudi Mombasa akikabiliana na upepo, na nguvu za nusu ya pili huwa ni nyingi kuliko za nusu ya kwanza.

Kuhusu madafu, nitasema jambo ambalo huenda lisiwapendeze wauzaji. Dafu lina madini ya potasiamu kwa wingi, lakini sukari yake si nyingi na sodiamu yake, yaani madini yaliyomo katika chumvi, ni kidogo, ilhali jasho hutoa sodiamu zaidi kuliko potasiamu. Katika joto letu mtu anaweza kutoka jasho la nusu lita hadi lita mbili kwa saa. Kwa hiyo dafu na linywewe, ila liandamane na kitu chenye chumvi, na asije mtu akajijaza maji matupu kupita kiu yake, kwani sodiamu ikishuka mno katika damu ni hatari ya kweli.

Mkirudi nyumbani, msisubiri njaa. Mazoezi makali hupunguza kwa muda ghrelini, homoni inayoamsha hamu ya kula, ndiyo maana mtu hufika, akasema hajisikii kula, akalala, kisha jioni akashindwa kujizuia. Kuleni ndani ya saa moja: wanga wa kutosha, pamoja na gramu 20 hadi 25 za protini kwa ajili ya misuli. Wali na samaki, sima na maharagwe, hata mahamri na mbaazi, vyote vinafaa. Najua wapo hapa walionunua baisikeli ili wapunguze mwili, na kwao hili linasikika kama ushauri wa adui. Hesabu ya kupunguza ifanyeni kwenye sahani ya usiku siku za mapumziko, si katikati ya barabara ya Kilifi.

Mwezi wa Ramadhani, safari ndefu zifanyike baada ya futari, au zifupishwe na ziwe za polepole karibu na magharibi, kwani mchana ule akiba ya ini imepungua sana na maji hayaruhusiwi.

Na ikiwa mtu anakula hivi, analala vya kutosha, na bado uchovu haumwachi kwa majuma, tatizo huenda si chakula cha safari. Apimwe damu, sukari na malaria. Anayetumia insulini, dawa ya kisukari, azungumze na daktari wake kabla ya kubadilisha chochote nilichokitaja hapa, kwa sababu baisikeli yenyewe hushusha sukari, na wakati mwingine huendelea kuishusha hata usiku wake.