Wepesi uko wapi? Kuchagua ski ya ncha mbili

Ndugu zangu, karibuni mezani. Nimeweka hapa jozi mbili za ski za ncha mbili, yaani vibao vya kutelezea thelujini vilivyopinda juu mbele na nyuma, zote za sentimita 180. Kwenye mizani, ski moja ya jozi ya kushoto ina gramu 1,650, na moja ya kulia ina 1,720. Anayetafuta ski nyepesi ya kuchezea mlima mzima, si uwanja wa kuruka peke yake, atabeba ya kushoto na kwenda zake.

Asiende kwanza. Shika ya kushoto katikati kwa mkono mmoja, zungusha kiganja huku na huku, kisha fanya hivyohivyo kwa ya kulia. Umeona? Ya kulia inageuka upesi zaidi, na ndiyo iliyotuonyesha uzito mkubwa. Imewekwa mzigo wake chini ya buti, ilhali ile nyingine imeubeba kwenye ncha na mkia. Ukizunguka hewani, kinachoupinga mguu ni uzito ukizidishwa kwa mraba wa umbali wake. Gramu 50 zilizoko sentimita 80 kutoka mguuni zinakusumbua mara nne kuliko gramu 50 zilizoko sentimita 40. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji si gramu ngapi tu, bali gramu hizo ziko wapi.

Ncha ya pili hii si pambo. Mwaka 1998 kampuni ya Salomon ilitoa ski iitwayo Teneighty, baada ya kundi la wanamichezo wa Kanada, akina Mike Douglas, JP Auclair na JF Cusson, kutaka ski ya kutua nayo kinyumenyume. Mkia bapa ulikuwa unajichimbia kwenye theluji. (Mwaka huohuo Philip Boit aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, lakini zile zilikuwa ski za masafa: nyembamba, kisigino kikiwa huru. Hapa kisigino kimefungwa.)

Sasa wepesi unapatikanaje? Kwanza ni mbao za ndani. Mita moja ya ujazo ya paulonia iliyokauka ina takriban kilo 280; popla inazidi 400. Paulonia tupu inapunguza uzito sana, ila haishiki skrubu vizuri na inabonyea ukitua vibaya. Mimi napendelea kiini kilichochanganywa, mbao ngumu zikipita chini ya vifungio vya buti. Pili ni kaboni, na hapa watu hudanganyika. Kaboni ni nyepesi na ngumu, lakini haimezi mtetemo kama faibaglasi iliyotulia. Kwenye theluji iliyoganda ncha zitakupigia ngoma. Tatu, kiwanda kinaweza kupunguza unene wa kingo za chuma. Kingo za milimita 2 kwa 2 ni nyepesi kuliko za 2.5 kwa 2.5, lakini ukipanda reli za chuma za uwanja wa kuruka kila wiki zitapasuka chini ya mguu mapema. Wepesi wa namna hiyo usiununue.

Tuangalie mkunjo. Simamisha mkia kwenye zulia, shika ncha kwa mkono wa kushoto, sukuma katikati kwa kiganja cha kulia. Usihesabu nguvu unayotumia, tazama inapokunjika. Ski nzuri kwa kazi hii huanza kulegea kwenye theluthi ya mbele, inakuwa ngumu chini ya buti, kisha inalegea tena nyuma, mkia ukibaki mgumu kidogo kuliko ncha. Mbele palipolegea ndipo pa kuchezea ile mitindo ambayo wenyewe huiita siagi: unaegemea ncha, mkia unanyanyuka, unazunguka ukiipaka theluji kama kisu juu ya mkate. Ikikunjika yote kama upinde kuanzia chini ya buti, siagi itakuwa tamu, lakini ukitua umeegemea nyuma, utakaa kitako. Na ikikunjika sentimita 15 za mwisho tu, kama bawaba, itajikunja kwenye theluji iliyovurugwa na kukutupa mbele.

Kisha gusanisha matumbo (pande za chini) ya ski mbili na uziinue dhidi ya taa. Mwanga unaopenya katikati ni upinde wa chini ya buti. Ndio unaokushikisha kwenye barafu na kukurusha unapochupa. Ncha zinazoachana mapema ni mnyanyuko, unaofanya ski igeuke bila kukwama. Chukua yenye vyote viwili. Kwa kuwa mnyanyuko unafupisha sehemu inayogusa theluji ngumu, usiogope urefu: mtu wa sentimita 175 anayetoka nje ya uwanja wa kuruka achukue kati ya 174 na 180. Akichukua 165 kwa kuwa ni nyepesi, atajuta siku ya kwanza ya mwendo kasi.

Kiuno, yaani upana wa ski chini ya buti, kifuate mlima wako. Quebec na Vermont, ambako theluji ni ngumu, milimita 85 hadi 92 zinatosha. Kwa Utah au British Columbia, ambako theluji ni laini na nyingi, nenda 95 hadi 102. Zaidi ya hapo ski inachelewa kulala kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na magoti yatakuambia.

Vifungio ndivyo vinavyoharibu ski nzuri. Tafuta katikati halisi ya ski, halafu urudi nyuma sentimita 3 hadi 5. Ukifunga katikati kabisa utazunguka kwa raha, ila kwenye theluji laini ncha zitazama. Ukirudi nyuma sentimita 10, mkia unakuwa mfupi na kutua kinyumenyume kunakosa egemeo. Breki zisiwe nyembamba kuliko kiuno, wala zisizidi kwa zaidi ya milimita 15: kiuno cha 95, breki ya 100 au 105. Soma maandishi yaliyo juu ya ski kabla ya kutoboa. Mara nyingi keekee ni ya milimita 3.5 pasipo bati la chuma ndani ya ski, 4.1 palipo nalo, kina milimita 9. Ukizidisha kina, tumbo la ski litavimba kipele. Tundu jipya likae angalau sentimita 1 kutoka la zamani, na gundi iingie kabla ya skrubu. Kipimo cha kuachia buti kipangwe na fundi kwa uzito wako, kimo, umri, urefu wa soli ya buti na uchezaji wako. Usiazime namba ya rafiki.

Kingo zenyewe zisifanywe butu zote. Punguza makali ya ncha na mkia tu, nje kidogo ya sehemu zinazogusa theluji, zisije zikanasa. Chini ya buti acha makali, isipokuwa kwa mtu wa reli tu.

Mwisho, mkia. Watu husimamisha ski juu ya saruji, na mkia wa ncha mbili hugonga kwa ukingo wake. Tabaka zinaachana, maji yanaingia, yanaganda, yanatanua ufa. Ukiuona, zikaushe siku mbili ndani ya nyumba, fungua ufa kwa kisu bapa, ingiza epoksi inayokauka polepole hadi ndani kabisa, funika kwa karatasi ya nta, bana kwa jiriwa mbili na vibao, na uache saa 24. Epoksi ya dakika tano ina haraka na haivumilii kukunjwa.

Haya, leteni zenu moja moja tuzitazame dhidi ya taa.